Simu Imefika, Ahadi Bado: Haki za Mnunuzi Kipengele Kilichotangazwa Kinapochelewa

Mkulima wa mpunga wa Wema akivuna na kuuza, pesa zinazobaki baada ya karo na madeni ya dukani huwa zina kazi nyingi zinazozingoja. Akiamua kutoa sehemu yake anunue simu ya kisasa, ataenda Garsen mjini, au atapanda basi hadi Malindi, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, ambako maduka ni mengi na bei zinashindana. Anachokifuata amekwisha kukisikia redioni au kukiona kwenye bango: simu hii inafanya hivi na vile. Analipa pesa taslimu, au anatoa arubuni na kuanza malipo ya kila siku. Akifika nyumbani anaiwasha, na lile jambo lililomtoa nyumbani halimo. Akiuliza anajibiwa, "Litakuja na sasisho, ngoja kidogo."

Makala haya yanahusu hiyo "ngoja kidogo." Yanaeleza kwa nini simu huuzwa kabla ya kukamilika, visa vikubwa vilivyotokea duniani, sheria ya Kenya inasema nini, na hatua anazoweza kuchukua mnunuzi wa Wema, Garsen na kwingineko Pwani. Jambo kuu la kushika ni hili: ahadi iliyokufanya ununue ni sehemu ya kile ulicholipia. Sheria inaitambua, lakini mzigo wa kuonyesha kwamba uliahidiwa uko mikononi mwako.

Aina nne za "halimo"

Simu ina sehemu unazoweza kuzikagua kwa macho na mikono, kama vile kamera, kioo, betri na spika. Ina pia programu, yaani maagizo yanayoiendesha, ambayo hubadilishwa kwa masasisho yanayopitia intaneti. Malalamiko mengi hutokea kwenye programu. Hata hivyo si kila kipengele kisichofanya kazi kimechelewa, na ni muhimu kuzitofautisha aina zake kwa sababu kila moja ina mlango wake wa kubisha.

Aina ya kwanza ni kipengele kilichochelewa. Kampuni imekitangaza, imeuza simu, lakini bado inakitengeneza.

Aina ya pili ni kipengele kilichofungwa kwa nchi au lugha. Kipo na kinafanya kazi, ila kwingine. Mwenye simu hiyo hiyo London anakitumia, na mwenye nayo Garsen hakioni.

Aina ya tatu ni kipengele kinachotegemea mtandao wa mahali ulipo. Mfano wa karibu ni 5G. Safaricom ilianza kuijaribu Machi 2021 Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, kisha ikaizindua kibiashara Oktoba 2022. Simu ya 5G ikinunuliwa na mtu ambaye kijijini kwake hakuna mnara wa 5G, simu haina kosa. Lakini mnunuzi huyo amelipia uwezo ambao huenda simu ikazeeka bila kuutumia.

Aina ya nne ni kipengele ambacho hakikuwepo tangu mwanzo, aidha kwa sababu muuzaji alitia chumvi au kwa sababu simu yenyewe ni bandia. Hapa hakuna sasisho la kungojea. Kuna pesa za kudai.

Visa vilivyotokea

Kuchelewesha vipengele hakukuanza jana. Septemba 2016, Apple ilianza kuuza iPhone 7 Plus yenye kamera mbili nyuma. Mojawapo ya mambo yaliyotangazwa ilikuwa picha za sura ambazo mtu huonekana wazi na nyuma yake kukawa na ukungu. Siku simu ilipoingia madukani, kipengele hicho hakikuwemo. Kilikuja na sasisho la Oktoba 24, 2016, baada ya wiki zipatazo tano. Kampuni ilikuwa imesema mapema kwamba kitafuata baadaye mwaka huo, na ikatimiza. Hivi ndivyo ucheleweshaji wa kiungwana unavyokuwa: unaambiwa kabla ya kulipa, unapewa muda, na muda unaheshimiwa.

Mwaka uliofuata zamu ilikuwa ya Samsung. Galaxy S8 ilianza kuuzwa Aprili 2017 ikiwa na kitufe maalumu ubavuni cha kumwita Bixby, msaidizi wa kuongea naye kwa sauti. Wanunuzi wengi waliweza kukibonyeza kitufe hicho, lakini hawakuweza kuzungumza na Bixby kwa Kiingereza. Sauti ya Kiingereza ilifika Marekani Julai 2017, na Agosti 22 mwaka huo ikafunguliwa katika nchi zaidi ya 200. Kwa miezi kadhaa, watu walitembea na kitufe walichokilipia kikiwa hakina kazi yake kuu.

Kuna pia ahadi zisizofika kabisa. Septemba 2017 Apple ilionyesha hadharani AirPower, mkeka wa kuchajia simu, saa na visikizi kwa pamoja bila waya. Machi 29, 2019 ikatangaza kwamba imeuacha mradi huo. Afadhali hapa hakuna aliyekuwa amelipia mkeka wenyewe, kwa kuwa haukuwahi kuuzwa.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Apple Intelligence, mkusanyiko wa huduma za akili unde. Apple iliutangaza Juni 10, 2024. Kati ya yaliyoonyeshwa alikuwa Siri mpya, msaidizi wa sauti ambaye angeweza kujua mambo ya mwenye simu: angesoma ujumbe na barua pepe, aseme mgeni anatua saa ngapi, na afanye kazi ndani ya programu mbalimbali kwa niaba yake. Septemba 20, 2024 iPhone 16 ikaingia madukani, ikitangazwa kwamba imejengwa kwa ajili ya huduma hizo. Siku hiyo hapakuwa na hata moja ndani ya simu. Za kwanza zilifika Oktoba 28, 2024, tena kwa waliochagua Kiingereza cha Marekani. Nyingine zikafuata Desemba. Machi 31, 2025 ziliongezwa lugha kama Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kijapani na Kikorea. Kiswahili hakikuwamo.

Siri mpya yeye hakuja. Machi 7, 2025 Apple ilikiri kwamba kazi hiyo itachukua muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa, ikaondoa tangazo la video lililomwonyesha mwigizaji Bella Ramsey akimtumia Siri huyo. Machi 19, 2025 kesi ya pamoja kwa niaba ya wanunuzi ikafunguliwa katika mahakama ya shirikisho ya San Jose, California, ikidai kwamba watu walinunua simu kwa kushawishiwa na kitu ambacho hakikuwepo. Mwezi uliofuata, kitengo cha kukagua matangazo cha shirika la BBB National Programs nchini Marekani kilipendekeza kampuni hiyo iache au irekebishe maneno yaliyodai kwamba huduma hizo zipo tayari. Sababu yake ina funzo kwa kila mnunuzi: maelezo kwamba baadhi ya huduma zingekuja baadaye yalikuwa yamewekwa kwenye maandishi madogo, mbali na maneno makubwa ya tangazo. Apple haikukubaliana na uamuzi wote, lakini ilisema itafuata mapendekezo. Juni 2025, katika mkutano wake wa kila mwaka, ilisema kazi hiyo ilihitaji muda zaidi ili ifikie kiwango chake cha ubora.

Msomaji atasema iPhone 16 si simu ya mkulima wa Wema. Ni kweli. Lakini mtindo wa kuuza simu na kumalizia baadaye haubaki kwenye simu ghali. Maneno "akili unde," "kamera ya kisasa" na "itapata toleo jipya" sasa yamebandikwa kwenye maboksi ya simu za kila bei. Na zile ghali za leo ndizo zitakazoletwa huku baada ya miaka miwili au mitatu zikiwa zimetumika Ulaya, na kuuzwa kwa maneno yale yale ya tangazo la kwanza.

Kwa nini simu huuzwa kabla haijakamilika

Simu ya zamani ilipotoka kiwandani ilikuwa imekwisha. Nokia 3310 ya mwaka 2000 haikuwa na namna nyepesi ya kubadilishwa programu nyumbani kwa mtu, hivyo kampuni ililazimika kumaliza kazi kabla ya kuiuza. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ilitumika kwenye simu ndogo tunazoziita kabambe. Aliyeinunua alijua siku ile ile simu yake inafanya nini na haifanyi nini.

Masasisho ya kupitia intaneti yalibadilisha mambo. Yana faida kubwa: huziba mianya ya wezi wa mtandaoni na huongeza uwezo bila malipo. Lakini pia yalizipa kampuni nafasi ya kuuza leo na kumaliza kesho. Kampuni kubwa huwa na kalenda isiyosogea. Apple huzindua simu zake kuu Septemba, Samsung huzindua za Galaxy S mwanzoni mwa mwaka. Viwanda vimeshaandaliwa, vipuri vimeshanunuliwa, na mshindani ameshatangaza zake. Programu isipokuwa tayari, simu haisubiri.

Akili unde imeongeza ugumu. Kamera ikifanya kazi maabara, itafanya kazi dukani. Msaidizi wa kuongea naye akijibu vizuri mbele ya watazamaji mara kumi, bado anaweza kukosea mara ya kumi na moja kwa mtu wa kawaida, na kosa lake likawa la kumtumia mtu asiyefaa ujumbe wa siri. Kampuni ina sababu nzuri ya kuchelewa hapo. Isicho nacho ni sababu nzuri ya kutangaza kitu hicho kana kwamba kiko tayari.

Gharama ya kungoja ikiwa uko Wema

Anayengoja sasisho mjini akiwa na waifai ya ofisini hangoji sawa na anayengoja kando ya Mto Tana. Zipo gharama nne ambazo tangazo halizitaji.

Ya kwanza ni bando. Sasisho kubwa la simu linaweza kuzidi gigabaiti moja, na mengine hufika kadhaa. Apple Intelligence ilipoanza ilihitaji nafasi ya gigabaiti 4 ndani ya simu, na kufikia Desemba 2024 ikawa inahitaji gigabaiti 7. Mtu anayenunua data ya siku kwa shilingi chache, akitumia mtandao unaopanda na kushuka, atalipia kipengele hicho mara ya pili ili kukipokea. Na simu yenye nafasi ndogo inaweza isikipokee kabisa.

Ya pili ni malipo ya mkopo. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alichukua simu ya 4G na kulipa shilingi 20 kwa siku. Kampuni nyingine, kama M-KOPA, nazo huuza simu kwa malipo ya kidogo kidogo. Mipango hii imewafikishia simu za kisasa watu wengi ambao wasingeweza kutoa pesa zote kwa pamoja. Lakini ina jambo la kuzingatia: usipolipa, simu hufungwa. Kwa hivyo mnunuzi wa mkopo ambaye kipengele chake kimechelewa hawezi kusema, "Nitalipa mkileta." Deni linakwenda mbele, ahadi inabaki nyuma.

Ya tatu ni umri wa simu. Oktoba 30, 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, na simu zake za kwanza, Neon Smarta na Neon Ultra, zilitangazwa kwa Sh7,499 na Sh8,999. Kwa familia nyingi hizo ni pesa za kununua simu moja ya kutumika miaka. Kipengele kikichelewa mwaka mmoja katika simu ya kudumu miaka mitatu, theluthi ya thamani yake kwako imekwenda.

Ya nne ni usalama, na hii ndiyo nzito. Watu wa bonde la Tana wanajua mto ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024, barabara hukatika na simu ndiyo njia ya kuita msaada. Septemba 2022 Apple ilitangaza iPhone 14 yenye uwezo wa kutuma ujumbe wa dharura kwa satelaiti pale mtandao wa kawaida usipokuwepo. Simu ilianza kuuzwa mwezi huo, huduma yenyewe ikafunguliwa Novemba 15, 2022 Marekani na Kanada, kisha Desemba ikafika Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Ireland. Kenya haikuwemo katika nchi hizo za mwanzo. Mtu akikuuzia iPhone 14 iliyotumika Uingereza akasema "hii inashika satelaiti," maneno yake ni ya kweli Uingereza. Usiyategemee katikati ya maji bila kuhakikisha kwanza kwamba nchi yako imo katika orodha ya huduma hiyo.

Sheria ya Kenya inasemaje

Mnunuzi wa Kenya hana upungufu wa sheria. Tatizo kubwa ni kwamba wengi hawazijui.

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na alichonunua, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kifungu hicho pia kinaagiza kuwe na sheria ya matangazo yaliyo ya kweli na ya haki.

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa, nambari 46 ya 2012, ndiyo inayogusa mada yetu moja kwa moja. Sehemu ya 12 inahesabu kuwa ni biashara isiyo ya haki kumweleza mnunuzi kwamba bidhaa ina uwezo, matumizi au manufaa ambayo haina. Inakwenda mbali zaidi: ni kosa pia kusema kwamba bidhaa au sehemu yake inapatikana, ilhali msemaji anajua, au alipaswa kujua, kwamba haipatikani. Maneno "alipaswa kujua" yana uzito. Muuzaji au kampuni haiwezi kujiokoa kwa kusema tu kwamba haikukusudia kudanganya.

Sheria hiyo inamruhusu aliyenunua kwa kushawishiwa na maelezo ya uongo kuvunja mapatano na kudai kilicho chake. Sharti moja: lazima atoe taarifa ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya mapatano. Hapa ndipo "ngoja kidogo" inapoumiza. Ukingoja sasisho miezi kumi na tatu kwa upole wako, mlango huo utakuwa umefungwa.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31, ni ya zamani zaidi lakini bado inafanya kazi. Inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Pia, ukimweleza muuzaji unachotaka bidhaa ikufanyie, na ukategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kazi hiyo. Hivyo maneno unayomwambia mwenye duka kabla ya kulipa si mazungumzo ya bure.

Sheria ya Ushindani, nambari 12 ya 2010, sehemu ya 55, nayo inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Inasimamiwa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi. Lalamiko likihusu huduma ya mtandao, kama vile data au laini, mlango ni Mamlaka ya Mawasiliano, baada ya kulalamika kwanza kwa kampuni yenyewe.

Kabla ya kutoa pesa

Uliza swali moja kwa maneno haya: "Kaka, hiki kipengele kinafanya kazi hapa Garsen, leo? Hebu nionyeshe." Muuzaji mwaminifu atakionyesha au atakwambia bado. Akisema kitakuja, muulize lini, na nani kasema.

Soma maandishi madogo kwenye boksi na kwenye bango. Maneno kama "kitapatikana baadaye," "hutegemea nchi" na "hutegemea lugha" ndiyo yanayopunguza ahadi ya maneno makubwa. Huoni vizuri? Mpe kijana wako akusomee.

Kama unataka simu ya kuongea nayo kwa Kiswahili, ijaribu kwa Kiswahili pale pale dukani. Huduma nyingine zipo kweli. Google iliongeza Kiswahili katika kuandika kwa sauti Agosti 2017, na kwenye simu nyingi za Android mtu anaweza kuzungumza na maneno yakajiandika, mradi ana intaneti. Siri wa Apple, kwa upande wake, anajulikana kwa kutokuwa na Kiswahili. Jaribio la dakika moja litakuonyesha tofauti hiyo.

Uliza simu itapata masasisho hadi mwaka gani. Baadhi ya kampuni hutoa ahadi ya wazi: Samsung iliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 ya 2024, na miaka 6 kwa Galaxy A16, simu ya bei ya kati ya mwaka huo huo. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Juni 20, 2025 sheria inadai masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya kampuni kuacha kuiuza simu hiyo sokoni. Simu isiyo na ahadi yoyote ya masasisho haina njia ya kukuletea kipengele cha kesho.

Hakikisha simu si bandia. Bonyeza *#06# upate nambari ya IMEI, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 1555. Wakenya walijifunza hili kwa hasara: usiku wa Septemba 30, 2012 simu bandia zaidi ya milioni moja zilizimwa nchini, na walioumia ni walionunua.

Dai risiti inayotaja jina kamili la simu, IMEI, tarehe na jina la duka. Kama kuna kipengele kilichokufanya uinunue, omba kiandikwe: "Imeuzwa kwa maelezo kwamba ina…" Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukishanunua na kipengele hakimo

Kwanza, hifadhi ushahidi. Piga picha tangazo, bango na boksi. Matangazo ya mtandaoni huondolewa, kama ile video ya Siri ilivyoondolewa, na yakiondoka huna cha kuonyesha. Weka pia ujumbe wa WhatsApp uliobadilishana na muuzaji, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo.

Pili, rudi kwa aliyepokea pesa zako, upesi. Mapatano yako ni naye. Mara nyingi mwenye duka hakudanganya kwa makusudi, amerudia tu alichoandikiwa na kampuni, wala hana uwezo wa kuleta sasisho. Ongea naye kwa heshima. Wengi watakubali kubadilisha simu ikiwa ni siku chache na haijachubuka.

Tatu, mdomo ukishindwa, andika. Barua fupi inatosha:

"Kwa mwenye duka. Mnamo tarehe fulani nilinunua kwako simu ya aina hii, IMEI nambari hii, kwa shilingi kadhaa. Niliinunua kwa sababu nilielezwa kwamba ina kipengele hiki na kinafanya kazi. Hadi leo hakifanyi kazi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya 2012, naomba unirudishie pesa au unibadilishie simu ndani ya siku kumi na nne. Nimeambatanisha nakala ya risiti na picha ya tangazo."

Weka nakala, na mpokeaji atie sahihi kwamba ameipata. Barua hii pia ndiyo taarifa inayohesabika ndani ya ule mwaka mmoja. Kama simu ni ya mkopo, peleka nakala kwa kampuni inayokudai, na usiache kulipa kabla ya kupata jibu, maana simu ikifungwa utakuwa umepoteza hata kile kilichokuwa kinafanya kazi.

Nne, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ikiwa tatizo ni tangazo lenyewe. Lalamiko la mtu mmoja ni dogo, lakini watu kumi wa Garsen wakilalamikia bango moja, hilo ni jambo la kuchunguzwa.

Tano, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Kwenye masjala ya mahakama ya Garsen utaelekezwa mahali pa karibu pa kufungua dai.

Kipimo cha haki

Si kila ucheleweshaji ni dhuluma. Kampuni iliyosema wazi kabla ya malipo kwamba kipengele kitakuja baadaye, ikataja muda na kuutimiza, haijamkosea mtu. Iliyotangaza kwa herufi kubwa kwamba kipo, ikaficha "bado" kwenye herufi ndogo, imemkosea hata kama kitakuja siku moja.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Kwenye simu ya mkopo, deni la mnunuzi linahesabiwa kila siku, na asipolipa simu inafungwa. Deni la kampuni kwake halina kengele wala tarehe, isipokuwa ile ambayo mnunuzi mwenyewe ataiandika kwenye risiti, siku ile ile anayotoa pesa.